Chupa yenye franga haitupwi

Ndugu zetu vijana wa Bukavu, na nyinyi wa Goma, Uvira na kila mji ambako taka zinaishia majini,

Jumamosi iliyopita tulifanya salongo kando ya ziwa. Tulikuwa na majembe machache, glavu zisizotosha, na viroba vitupu vya mchele. Kufika saa sita viroba vyote vilijaa. Tukapiga picha, tukacheka, kila mtu akarudi kwao. Usiku mvua ikanyesha, na munajua mvua ya Bukavu: inashuka mlima mbio, inafagia kila mfereji, inapeleka vyote chini. Jumapili asubuhi nilipita palepale nikienda kusali. Ungesema hatukuwahi kufika.

Tangu siku ile kuna jambo moja linanisumbua. Wakati wa kufunga viroba niliangalia tulichookota. Karibu vyote vilikuwa vya aina tatu: chupa za plastiki za maji na juisi, sashe, na vile vifuko vidogo vinavyong'aa vya maziwa ya unga na sabuni. Chupa ya bia? Hata moja hatukuipata. Na pale tulipokuwa ni chini ya mtaa ambao manganda yake huwezi kuyahesabu. Watu wanakunywa bia kila usiku pale juu. Chupa zake zinaenda wapi?

Jibu mimi nalijua, kwa sababu ninaishi nalo. Nilimaliza masomo ya uchumi, diploma iko ndani ya farde chini ya kitanda, kazi bado ninatafuta. Katika kungoja, ninasaidia mama mdogo kwenye depo yake ndogo ya vinywaji. Sheria ya kwanza ya depo kila mtoto wa hapa anaijua: hakuna vidange, hakuna bia. Ukija kuchukua casier, unaleta casier yenye chupa tupu. Ukikosa, unaacha franga ya vidange, na siku ukirudisha chupa unapewa franga yako. Mama mdogo anahesabu zile chupa sawa mtu anayehesabu noti. Anapitisha kidole kwenye mdomo wa kila moja, na iliyokatika anaikataa. «Kijana, hii siipokei, hata kiwandani wataikataa.» Watoto wa mtaa wakiona chupa ya bia njiani wanakimbizana kuiokota. Hakuna aliyewafundisha ekolojia. Wanajua paka kwamba ile chupa ina bei.

Sasa, kila mara tukiongea juu ya taka, kuna mkubwa fulani anasema: «Batu ba huku habana akili ya usafi.» Tumesikia haya kwenye redio, kwenye semina, hata ndani ya nyumba zetu. Tunakataa. Mtu yuleyule, usiku uleule, kwenye meza ileile, anarudisha chupa ya bia na anatupa chupa ya maji. Akili yake haijabadilika kati ya chupa mbili. Kilichobadilika ni kwamba moja ina franga ndani yake na nyingine haina. Basi tatizo halikuzaliwa kwenye kichwa cha mnunuzi. Lilizaliwa siku kiwanda kilipochagua ambalaji isiyorudi.

Hilo ndilo tunataka kusema leo, na tutalisema wazi: ambalaji ni uamuzi wa kiwanda na wa muagizaji. Anayeamua ndiye anatakiwa kulipa hadi mwisho wa safari ya ile ambalaji. Leo anayelipa ni sisi.

Tunalipa namna gani? Angalia Ruzizi. Maji ya ziwa Kivu yanatokea hapahapa Bukavu na kuingia mtoni, kisha yanafika kwenye bwawa la Ruzizi I, lililoanza kazi mwisho wa miaka ya 1950. Chini yake iko Ruzizi II, ya mwaka 1989, ambayo umeme wake tunagawana na Rwanda na Burundi. Plastiki yote inayoelea ziwani inavutwa na maji upande uleule. Inarundikana mbele ya bwawa, ingine inazama na kuingia hadi kwenye mitambo. Wafanyakazi wanatoa plastiki kwa mikono na kwa mashine, wapiga mbizi wanashuka chini kuitafuta. Mitambo ikisimama, umeme unakatika. Basi fundi wa kuchomelea anakaa bila kazi, mama wa samaki anapoteza samaki kwenye friji, mwanafunzi anasoma na tochi ya simu, hospitali inawasha jenereta na mgonjwa anaona bei yake kwenye fakture. Ile chupa ya maji uliyoinunua haikuishia kwenye bei uliyolipa dukani. Inakudai mara ya pili, na hailipwi na aliyeitengeneza.

Kuna mtu atasema: nchi iko na vita, nyinyi munaongea chupa? Tunamwelewa. Sisi pia tumezika watu. Lakini maisha hayangoji vita iishe ili yaendelee kuharibika. Mtoto wa kuzaliwa leo usiku anahitaji umeme leo usiku. Na kama hatuwezi kudai jambo dogo kama chupa irudi pale ilipotoka, tutadai makubwa kwa sauti gani?

Tuangalie dunia inaelekea wapi. Wengine watatuambia kwamba ambalaji safi ni mambo ya Wazungu. Kwanza, Wazungu wenyewe hawako mfano wa kiasi: ndani ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2022, kila mtu alizalisha karibu kilo 186 za taka za ambalaji. Sisi hatufiki huko hata kwa ndoto. Lakini ona sheria waliyojiwekea. Tangu mwezi wa pili 2025 wana kanuni mpya ya ambalaji, na sehemu kubwa yake inaanza kutumika mwezi wa nane 2026. Inasema kufika 2030 kila ambalaji inayouzwa kwao iwe inaweza kuchakatwa. Inasema kufika 2029 kila nchi ikusanye chupa za plastiki na makopo ya vinywaji kwa asilimia 90, na njia wanayoitegemea ni kuweka franga juu ya chupa, mteja arudishe, arudishiwe. Kwa ambalaji ya kusafirishia mizigo kati ya viwanda, yaani makreti, mapaleti, mapipa na matanki, wanataka asilimia 40 iwe ya kutumika tena na tena kufika 2030.

Soma tena hayo mambo polepole. Chupa yenye franga. Kreti inayorudi. Hiyo si vidange na casier? Ujerumani iliweka senti 25 kwenye chupa za plastiki na makopo ya kutupwa mwaka 2003, na leo karibu chupa zote zinarudi. Wanatumia mashine dukani. Sisi tunatumia mama mdogo na kidole chake. Kanuni ni ileile. Wao wanairudia baada ya kuona hasara, na sisi tunaiacha ikifa wakati bado tunayo mkononi. Waulizeni wazazi: soda zamani ilinyweka kwenye chupa ya glasi, na chupa ilibaki dukani. Leo, kidogo kidogo, soda, maji, juisi, hata pombe kali, vyote vinahamia kwenye plastiki isiyorudi.

Tuwe wakweli: plastiki haikushinda bila sababu. Chupa ya glasi ni nzito na inavunjika, na barabara zetu munazijua. Ilikufunga pia: ulikunywa ukisimama dukani, juu muuzaji alikuwa anaogopa vidange yake. Plastiki unaondoka nayo. Tena kuna mitaa ambako bomba halitoi maji wiki nzima, basi mama ananunua maji ya chupa au ya sashe ili mtoto asipate kipindupindu. Yule mama hatumlaumu na hatutamlaumu. Na hatusemi kila kitu kirudi kwenye glasi. Glasi inafaa pale kiwanda na mnywaji wako karibu, chupa inapooshwa na kujazwa mara nyingi, zaidi ya mara 20. Bia inayotengenezwa na kuuzwa ndani ya mji uleule, njo maana inaweza. Kitu kinachotoka mbali, kinachopita bahari na mipaka, glasi inakiongezea uzito na mafuta ya lori. Kwa hicho, plastiki nene ya kujaza tena, au plastiki ya kawaida yenye franga juu yake, ni afadhali.

Na hapa pia hatuanzi kutoka sifuri. Angalia bidoni ya njano. Ilitoka kiwandani na mafuta ya kupikia, leo inabeba maji, kesho mandale, na ikipasuka inakatwa kuwa kopo la kupandia mboga. Kiroba cha unga kinakuwa kiroba cha makala. Lile tanki la lita 1000 lenye kizimba cha chuma lilileta bidhaa ya kiwanda, sasa liko juu ya paa linahifadhi mvua. Sisi ni mabingwa wa kutumia tena. Lakini tunafanya hivyo gizani, bila mtu kutulinda. Nani anajua lile pipa la buluu lilibeba nini kabla ya kubeba maji yako? Kama lilikuwa na dawa ya shamba au kemikali ya kiwanda, kuliosha na omo hakutoshi. Ambalaji ya kurudi inataka alama inayosomeka, na kiwanda kinacholazimika kuchukua pipa lake la hatari. Bila hiyo, maskini anakunywa mabaki.

Sasa tujihadhari na ujanja. Kuna maneno mapya yanakuja yakiwa yamevaa rangi ya kijani. La kwanza ni «inaoza yenyewe». Kuna sashe zinazouzwa kwa jina hilo ambazo zimewekwa dawa ya kuzikatakata tu: zinageuka vipande vidogo sana, macho hayavioni, samaki anavimeza. Ulaya ilizikataza kwa sheria ya 2019. Zingine zimetengenezwa kwa mahindi au miwa, na ni kweli zinaweza kuoza, lakini nyingi zinahitaji joto la karibu digrii 60 ndani ya kituo maalum. Ziwa Kivu halina joto hilo. Ikianguka ziwani, itakaa ziwani.

La pili ni «inachakatwa». Kila chupa ina ile alama ya mishale mitatu. Lakini shirika la OECD lilihesabu kwamba, katika taka zote za plastiki za mwaka 2019 duniani, zilizochakatwa kweli ni asilimia 9 tu. Na kile kifuko kinachong'aa cha maziwa ya unga ni tabaka za plastiki na aluminiamu zilizogandishwa pamoja, hakuna fundi wa hapa atakayezitenganisha. Njo maana viwanda vingine sasa vinarudi kwenye ambalaji ya kitu kimoja tu, ili angalau kuwe na njia ya kuiyeyusha. Hilo ni jambo zuri. Lakini mishale bila mtu wa kukusanya na bila bei ya kukusanya ni mapambo.

La tatu ni ahadi. Mwezi wa pili 2022 kampuni Coca-Cola iliahidi kwamba kufika 2030 angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika ambalaji ya kurudi au ya kujazwa tena. Mwezi wa kumi na mbili 2024 ilitangaza malengo mapya, na ahadi ile haikuwemo tena. Kampuni kubwa namna ile, yenye chupa za kurudi tangu zamani, iliamua ikafuta. Ahadi isiyo na sheria nyuma yake ni maneno ya kwenye tangazo.

Lakini sheria peke yake nayo haitoshi, sisi Wakongomani tunaweza kutoa ushahidi. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2017, Waziri Mkuu Bruno Tshibala alitia sahihi amri nambari 17/018 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe, mifuko na ambalaji zingine za plastiki. Hiyo amri ipo. Nenda Kadutu leo, nunua nyanya, uone watakufungia ndani ya nini. Jirani yetu Rwanda alikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na 2019 akaongeza sheria juu ya plastiki ya kutumia mara moja. Hatupendi kila kitu kinachotoka upande ule, lakini ukweli unabaki ukweli: ukivuka mpaka na sashe, inabaki mpakani. Kenya nayo, katika sheria yake ya taka ya 2022, iliandika kwamba mtengenezaji anabeba jukumu la bidhaa yake hata ikishakuwa taka.

Kwa nini amri yetu ililala? Kwa maoni yetu, juu iliwekwa kwenye kichwa cha mama wa sokoni na haikuwekwa kwenye mlango wa kiwanda. Ukikataza sashe bila kumpa mama kitu kingine cha kufungia, polisi anapata tu sababu mpya ya kumnyang'anya. Yeye anabaki na faini, muagizaji anabaki na faida. Mamilioni ya wauzaji huwezi kuwafuata. Waagizaji na viwanda unaweza, maana kila lori linapita mpakani na kila lori linalipishwa kodi. Wanajua kuhesabu katoni wakati wa kuchukua franga. Wazihesabu pia wakati wa kuondoa taka.

Kwa hiyo tunadai mambo manne:

1. Kila chupa ya plastiki ya kinywaji, iwe imetengenezwa hapa au imeingia kwa mpaka, iwe na franga ya vidange, na kila depo inayoiuza ilazimike kuipokea. Kiasi kiandikwe kwenye chupa, na kiwe kinatosha mtoto wa mtaa ainame kuiokota.

2. Kila kiwanda na muagizaji alipie ukusanyaji wa ambalaji yake kulingana na uzito anaoingiza sokoni. Franga hiyo ihesabiwe hadharani, kila miezi mitatu. Hatutaki mfuko mwingine ambao hakuna anayejua nani anaula. Yeyote anayekusanya kodi kwa bidhaa hizi, awe nani, anatakiwa kujibu swali hilo.

3. Mapipa, matanki na mabidoni yaliyobeba kemikali yawe na alama inayoeleweka kwa Kiswahili, na aliyeyaleta ayachukue tena.

4. Chupa ya glasi ya kurudi isitozwe kodi sawa na plastiki ya kutupwa. Anayeosha na kujaza tena apunguziwe.

Watasema hiyo itapandisha bei kwa maskini. Franga ya vidange si bei, ni amana: unaiweka, unaichukua. Na kwa ambaye hana, chupa iliyotupwa na tajiri inakuwa chakula cha jioni. Leo kuna watoto na wazee wanaookota plastiki na kuiuza kwa kilo, kwa franga ya kudharaulika. Kazi ileile, chupa ikiwa na bei iliyoandikwa, hakuna mnunuzi atakayewadanganya kwenye mizani.

Sisi wenye diploma chini ya kitanda, tuangalie vizuri: kupokea, kuchagua, kuosha, kukagua, kubeba, kuhesabu, kutengeneza makreti, yote ni kazi, na haiwezi kufanywa kutoka mbali. Chupa ya kutupwa inatengenezwa na mashine, mwisho wake ni mtoni. Chupa ya kurudi inapita mikono mingi, na mikono ile ni ya hapa. Mimi sijasoma miaka mitano ili nifanye salongo ya bure kwa niaba ya kampuni ambayo haijui jina langu. Salongo tutaendelea nayo, maana ziwa ni letu. Lakini hatutakubali iwe sabuni ya kuosha mikono ya wengine.

Tuanze na kitu kimoja, wiki hii. Kila mmoja wenu aende kwenye depo au alimentation anakonunua, aulize kwa heshima: «Mama, hii chupa ya plastiki nikikurudishia, utanipa ngapi?» Atacheka, atasema hakuna. Muulize: «Na ya bia?» Atakutajia bei palepale. Andika majibu yote mawili, jina la kinywaji na mtaa wako, utuletee Jumamosi kwenye salongo. Tutayaweka pamoja, mtaa kwa mtaa, na hiyo orodha ndiyo tutapeleka mbele ya viwanda na mbele ya wale wanaokusanya kodi. Wasiseme tena kwamba watu wa huku hawana akili ya usafi.

Saa mbili asubuhi, palepale kando ya ziwa. Aliye na glavu azilete. Viroba tutavipata kwa mama wa mchele.